Ushirika na Ushirikina

Leo nataka kusema nanyi habari ya maneno mawili ambayo mtu akiyatamka upesi yanakaribia kuwa neno moja. La kwanza ni ushirika, la pili ni ushirikina. Katika kuyaandika, tofauti yao ni herufi mbili tu, i na n, zilizoingia karibu na mwisho. Lakini mtu akikuita mshirika amekuheshimu, na akikuita mshirikina amekutukana.

Pengine mtasema kwamba hayo ni mambo ya walimu na ya watu wanaotunga kamusi. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipoziona herufi hizo mbili zikiwatoa watu fedha mfukoni.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni miaka miwili tu, nami nilipelekwa kufundisha katika kijiji kimoja cha upande wa kusini, katika nchi ya mikorosho. Kijiji kile nusu ya watu walikuwa Waislamu na nusu Wakristo, na nyumba nyingi zilikuwa na wote pamoja chini ya paa moja. Kila mwaka, kabla mabibo hayajaanza kunukia, walikuja wanunuzi kutoka mjini na magunia yao matupu. Walijua ya kuwa majira yale akiba ya nafaka imekwisha majumbani. Walinunua korosho zingali maua mtini, na zilipoiva walikuja kuzipokea, wakazipima kwa bakuli, si kwa mizani. Biashara ya namna hii watu wa huko huiita kangomba. Bakuli moja lilihesabiwa kuwa kilo moja, wala hapana aliyethubutu kuuliza ni nani aliyelipima bakuli lenyewe.

Basi wazee wakashauriana kuanzisha chama, wapate mizani yao wenyewe na ghala lao wenyewe, korosho zote zikusanywe mahali pamoja na kuuzwa kwa mkupuo mmoja. Wakanijia mimi, wakasema, "Mwalimu, tuandikie tangazo la mkutano." Nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Nikamwita mvulana mmoja wa darasa la sita mwenye mwandiko mzuri, nikamwambia maneno ya kuandika, naye akaandika karatasi nne. Nilizitia sahihi zote nne bila kuzisoma. Moja ikabandikwa msikitini, moja kanisani, moja dukani, na moja kwenye mwembe ulio njia ya kisimani.

Kesho yake, baada ya alasiri, alikuja Maalim wa chuo cha Kurani, mzee mpole sana. Nikamwamkia, "Shikamoo, Maalim." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akakaa kitambo bila kusema neno. Mwisho akasema, "Mwalimu, nimeisoma karatasi yako mara tatu, nikadhani macho yangu yameingia uzee. Yasema tuje siku ya Jumamosi, saa tatu, kuanzisha Chama cha Ushirikina, na kila mtu alete kiingilio. Sisi ushirikina tumeukataza miaka yote, hata ulipokuwa bure. Leo umewekewa na ada?"

Nilitoka mbio kwenda kuzibandua. Ile ya kanisani nilikuta imekwisha kuchanwa na mzee wa kanisa, naye hakuniitika vizuri nilipombishia hodi. Lakini karatasi inabanduka, habari haibanduki. Jumamosi tuliwatazamia watu mia moja. Walikuja kumi na mmoja, na wawili kati yao, kama walivyokiri baadaye, walikuja kutazama ushirikina wenyewe ukoje.

Mwaka ule chama hakikuanzishwa. Wanunuzi wakaja na bakuli lao kama desturi. Kulikuwa na mama mmoja mjane, mwenye mikorosho ishirini na kitu, ambaye mwanawe alikuwa darasani kwangu. Baada ya kuuza, niliazima mizani ya zahanati, ile ya kupimia watoto wachanga, na bakuli la ukubwa ule ule, tukapima. Lilichukua kilo moja na nusu. Yaani katika kila kilo tatu alizotoa mama yule, alilipwa mbili, na ya tatu iliondoka bure. Mtoto wake alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa nguo ya shule na madaftari. Kila asubuhi nilipoita majina, nilipita jina lake kwa haraka.

Mtaniuliza, yule mvulana mwandishi aliadhibiwa? Hakuadhibiwa, maana nilipomwuliza sababu, jibu lake lilinifunga kinywa. Juma lililotangulia mimi mwenyewe niliwafundisha habari ya kutendana: penda, pendana, saidia, saidiana, shiriki, shirikiana. Niliwaambia kwamba hiyo na ya mwisho yaonyesha watu wawili au zaidi wakitendeana jambo. Akafikiri moyoni mwake, kama chama hiki ni cha watu wengi wanaosaidiana, basi ushirika pekee hautoshi, hapana budi uwe na na mwishoni. Na neno ushirikina alikuwa amekwisha kulisikia. Hakukumbuka tu amelisikia likisemwa kwa sauti gani.

Hapo ndipo ulipo mtego, na walimu wenzangu wanaonisikiliza na waushike. Ile na ya shirikiana ni yetu wenyewe, ya Kibantu, nayo huja na a mbele yake: -ana. Ndiyo iliyomo katika pigana, oana na agana. Ukitaka kufanya jina kutoka shirikiana, wapata ushirikiano, lenye o mwishoni, kama vile patana hutupa mapatano. Lakini tazama ushirikina: hapana -ana ndani yake, ipo -ina. Hiyo si ya kutendana hata kidogo. Imetoka ng'ambo ya bahari pamoja na neno lenyewe.

Maneno haya yote asili yake ni Kiarabu. Katika Kiarabu neno hujengwa juu ya herufi, nyingi zao tatu, kama nyumba juu ya nguzo, na irabu hubadilika katikati yake. Kitabu, katibu, maktaba na mkataba, yote manne yamesimama juu ya k, t na b, na yote yana harufu ya kuandika. Vivyo hivyo ziko nguzo tatu za sh, r na k, na maana yake ni kuwa na fungu pamoja na mwingine katika kitu kimoja. Ndugu wawili wenye dau moja ni washirika. Sharika ni chama cha watu waliotia mali pamoja. Shirki ni kumtilia Mwenyezi Mungu mwenziwe katika uungu wake. Na mtu afanyaye hivyo huitwa mushrik.

Sasa sikilizeni kwa uangalifu. Wakiwa wengi, Waarabu husema mushrikun au mushrikin, kwa kadiri ya mahali neno lilipo katika maneno mengine. Na msomaji asiposimama pale, hulimaliza kwa a, ikawa mushrikina. Neno hili lilisikiwa pwani likisomwa na kufundishwa mara nyingi kwa hali hii ya wingi. Watu wetu wakasikia mu mwanzoni, wakaona ni jamaa wa mtu na mgeni na mkulima, wakasema mshirikina mmoja, washirikina wengi. Kumbe ile -ina ilikwisha kuwa alama ya wingi tangu Arabuni! Kwa hiyo washirikina ni wingi juu ya wingi, kama mtu aliyevaa kanzu mbili.

Wala hili si jambo la aibu, wala si mara moja tu lilipotokea. Malaika kwa Kiarabu ni wengi, na mmoja huitwa malak. Sisi twasema malaika mmoja na hatuoni haya. Fulusi nazo ni wingi tangu kwao. Na kinyume chake, neno kitabu halikuwa na ki ya kwetu hata kidogo, lakini tuliisikia kama ki ya kisu na kiti, tukafanya vitabu. Lugha ikipokea mgeni humvika nguo za nyumbani. Mimi napenda sana mambo haya, na mke wangu husema kwamba nikianza chakula hupoa. Basi nirudi njiani.

Kama maneno yote mawili yametoka katika shina moja, imekuwaje moja likawa la sifa na moja la lawama? Nilimwuliza Maalim swali hilo, siku nilipokwenda kwake kuomba radhi. Akanijibu kwa mfano wa nyumba. Akasema, watu watatu wakinunua nyumba moja kwa fedha zao, kila mmoja ana fungu lake, na hilo ni jambo la halali. Lakini wakienda kwa mtu aliyejenga nyumba yake peke yake, wakamwambia, "Huyu jirani naye ana fungu humu," hapo wamedhulumu. Kitendo ni kile kile cha kutia wa pili. Kinachobadilika ni mahali anapotiwa. Katika mali, na kazi, na hasara, na faida, binadamu huingia pamoja na mwenzake. Katika uungu hapana wa kuingia.

Na kwa kuwa neno hili la pili lilikuwa zito hivyo, halikukaa mahali pamoja. Kwanza lilikuwa la elimu ya dini tu. Baadaye watu walilitumia kwa kila aliyeweka tumaini lake katika hirizi na ramli, kisha kwa yule anayeghairi safari kwa sababu bundi amelia juu ya paa. Wakristo nao wakalipokea, hata leo mhubiri wa kanisani na mhubiri wa msikitini hulitumia neno lile lile kukemea mambo yale yale. Hapo pana jambo ninalotaka kuonya kidogo, maana naona vijana waliosoma wanalirusha neno hili ovyo. Mzee anayechemsha majani ya mwarobaini na kumpa mgonjwa si mshirikina kwa sababu tu hakusoma shule. Anajua mti, na mti una nguvu yake. Akisema kwamba jani halitafaa kitu isipokuwa limechumwa na mtu ambaye hakusema na yeyote tangu alfajiri, hapo ndipo twaweza kulitaja neno lile, na hata hapo tulitaje kwa adabu, maana ni mzee.

Tuje kwenye neno lililo jema. Kabla ya vyama vya kuandikishwa, watu wetu walikuwa na ujima, ambao jirani hualikana kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Walikuwa na bia pia, yaani kuchanga ili kununua kitu pamoja, na mpaka leo mwenzako katika biashara huitwa mbia. Shirika lilikaa karibu na hayo, watu walisema, "Mali hii ni yetu kwa shirika." Baadaye shirika likakua, likawa jina la chama kikubwa chenye kazi maalumu, na wingi wake mashirika: mashirika ya watawa, shirika la reli, shirika la posta. Ushirika ukabaki kuwa ile hali yenyewe ya kushiriki, na pia jina la vyama vya wakulima na vya maduka. Na ushirikiano ni tendo tu la kufanya jambo pamoja, hata kwa saa moja. Mkisaidiana kulikwamua gari lililozama matopeni, huo ni ushirikiano. Mkiwa na daftari, na mizani, na hisa, na mtu wa kukagua hesabu, huo ni ushirika.

Vyama vya namna hii vina historia yake. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, watu 28, wakiwamo wafumaji wa nguo, walichanga paundi moja kila mtu. Walikuwa wamechoka na maduka yaliyowauzia unga uliochanganywa na vitu vingine. Mwezi wa Desemba wakafungua duka lao lenye unga, siagi, sukari na mishumaa. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe ametia fedha nyingi au kidogo, na faida iligawanywa kwa kadiri ya kila mtu alivyonunua. Huku kwetu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ikatungwa Tanganyika mwaka 1932, na mwaka uliofuata chama kile kikafuatwa na umoja wa vyama vya ushirika vya Wachaga, ule uliojulikana kwa herufi K.N.C.U. Na mwaka 1963 kikafunguliwa Moshi Chuo cha Ushirika, ambacho mwaka 2014 kilifanywa Chuo Kikuu. Mara nyingi nimewaza, je, kama bango la chuo kile lingeandikwa na yule mwanafunzi wangu!

Basi turudi kijijini. Baada ya mavuno yale mabaya nilikaa nikafikiri, nikaona ya kuwa kosa lililotoka kwa karatasi haliwezi kuondolewa kwa karatasi nyingine. Nani angeisoma? Nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba, jioni baada ya masomo, nikieleza kama nilivyowaeleza ninyi, ila kwa maneno machache zaidi. Wengine walinicheka. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, nimeelewa, lakini niambie, kwa nini mlichagua jina lililo jirani na tusi?" Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Aliyefungua njia ni Maalim. Siku ya mkutano wa pili alisimama yeye kwanza, akawaambia watu kwamba katika vitabu vya fikihi wanavyosoma uko mlango mzima wa habari ya shirika, wenye kueleza namna washirika wanavyogawana faida na hasara kwa kadiri ya mali ya kila mmoja. Akauliza, "Je, wanazuoni wangetuandikia mlango wa kutufundisha shirki?" Watu wakacheka, na wakicheka hivyo kazi imekwisha nusu. Kisha mzee wa kanisa, yule aliyechana karatasi, naye akasimama, asipitwe na mwenzake. Akasema kwamba wao kila wakikiri imani yao hutaja ushirika wa watakatifu, na chakula cha Bwana hukiita Ushirika Mtakatifu, basi neno lenyewe ni safi, ila Mwalimu alilitia mkia. Mkia ule ulibaki kuwa jina langu la utani kwa muda mrefu: Mwalimu Mkia.

Watu sitini na wanne waliandikisha majina siku ile. Mama yule mjane alikuwa wa nne. Alipoulizwa kama anataka kusomewa masharti, alijibu kwamba masharti atayasikia baadaye, kwanza aonyeshwe mizani. Akaonyeshwa. Akaliweka juu yake jiwe alilokuja nalo kutoka nyumbani, akatazama mshale, akalitoa, akaliweka tena, akatazama kama mshale unarudi pale pale. Ndipo akatia kidole chake katika wino. Mwanawe alikuwa amekwisha kurudi darasani, ingawa alikuwa nyuma ya wenzake katika hesabu, na ilinipasa kumfundisha jioni mpaka alipowafikia.

Na yule mvulana mwandishi alikuwa karani wa chama miaka mingi baadaye. Nimeona daftari lake. Neno ushirika ameliandika sawa kila mahali, kwa herufi kubwa, tena amelipigia mstari. Ila ushirikiano bado huandika ushirikano, nami nimemwandikia barua juu ya hilo.

Wasikilizaji, wengine wenu mna maneno ya namna hii katika miji yenu, ambayo yamewahi kuwagombanisha watu. Yaandikeni na kuyaleta hapa idarani, nami nitayajibu kwa kadiri niwezavyo. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitasema habari ya hakimu na hekima, ambayo nayo ni matawi ya mti mmoja, ijapokuwa hayaonekani pamoja kila siku. Kwaherini.